Bakuli Halijakauka

Ujumbe wa sauti wa Norah ulikuwa wa sekunde arobaini, na thelathini kati ya hizo zilikuwa shukrani tupu. Zulaika aliusikiliza Ijumaa saa kumi jioni, amesimama mlangoni mwa karakana yao katika Industrial Division ya Mbale, mkoba wa safari ungali begani. Ndiyo kwanza alikuwa ameshuka kutoka Bombo, alikokaa siku kumi akimuuguza dada yake aliyejifungua kwa kupasuliwa. Hakuwa amenywa hata maji.

"Anti Zulaika, bakuli limefika Jinja. Jamani, limependeza! Linang'aa kama kioo. Baba amelia, afande mzima amelia. Kesho malewa tutayapakua humo humo, moto moto kutoka jikoni, tuwapelekee wakwe mezani. Mungu awabariki nyote wawili."

Aliusikiliza mara ya pili. Mahali pawili palimkwama kama mwiba wa samaki. Pa kwanza, kung'aa kama kioo. Bakuli lililopakwa na mkono wake halikuwahi kung'aa kama kioo tangu aanze kazi hiyo. Lilikuwa na ung'avu wa polepole, wa ngozi iliyopakwa mafuta. Pa pili, moto moto.

Katika karakana ile kazi iligawanywa hivi: Wahab anakereza, mkewe anamalizia. Mume husimama mbele ya mashine na kisu chake kirefu, gogo likizunguka na mabaki yakiruka mpaka kwenye nywele, watu wakisimama barabarani kumtazama. Mke hukaa nyuma ya karakana, penye upepo, na msasa, gundi na kopo la mafuta ya kitani, na hakuna anayesimama kumtazama. Mabakuli yote yaliyouzwa Mbale yaliitwa mabakuli ya Wahab. Zulaika hakuwahi kulalamika, ila vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilikuwa na makovu ya siku alipoipangusa gundi kwa kitambaa cha pamba, kitambaa kikapata moto chenyewe na kufuka moshi mkononi mwake. Tangu siku hiyo alijua kwamba gundi ile ndogo ya kichupa ina hasira zake, na mtu anayeitumia sharti azijue.

Mti wa bakuli hilo la Norah ulikuwa mfenesi. Mama yake Norah, marehemu Topista, aliupanda kwa mkono wake mbele ya nyumba yao ya zamani kule Nakaloke, karibu na Mbale. Upepo uliuangusha mwaka mmoja baada ya mwenyewe kufariki, ukalala chini mvua mbili nzima, mpaka Norah alipoamua kwamba siku ya kutambulishwa kwa wakwe lazima kitu cha mama kiwepo mezani. Kilichopatikana kizima ni kipande kimoja tu, na uzima wenyewe ulikuwa wa kusemea. Kilikuwa na mistari myeusi mizuri kama ya wino, lakini ukikibonyeza kwa kidole gumba kilibonyea kama mkate uliolowa chai.

Zulaika alimwambia Norah ukweli mbele ya Wahab. "Huu mti unashikwa na gundi tu. Gundi nyepesi, unaunywesha kidogo kidogo. Unaacha ikauke mpaka ndani, unapiga msasa, unanywesha tena. Halafu mafuta, halafu mwezi mzima mpaka harufu iishe. Na hata ukikauka, ni wa kuweka njugu, machungwa, mkate. Chakula cha moto, hapana."

"La kuonyesha tu, anti," Norah alisema. "Na kutambulishana ni Desemba."

Sasa ilikuwa Septemba. Mchumba wake Norah, Trevor, mwanajeshi wa Jinja, aliambiwa ghafla kwamba kikosi chake kinapelekwa misheni ng'ambo, na sherehe ikavutwa mpaka Jumamosi hii. Zulaika alizipata habari hizo kwa simu akiwa Bombo, na hapo hapo akamwambia mumewe: wape bakuli likiwa tupu bila kupakwa, ama waambie wangoje. Wahab akajibu, "Sawa, nimesikia." Lakini kusikia na kutii ni majirani wasiosalimiana.

Aliutua mkoba, akaenda moja kwa moja kwenye pipa la taka.

*

Pipani mlikuwa na vichupa kumi na vinne vya gundi, vimekamuliwa mpaka mwisho. Chini yake palikuwa na kopo la laka, ile inayopakwa magari, bila shaka kutoka kwenye gereji ya ng'ambo ya barabara. Zulaika aliligeuza kopo, akaliweka chini polepole.

Juu ya rafu palikuwa na kikombe kidogo. Wahab alikuwa na mazoea hayo. Kipande kikibaki, hakuwa na roho ya kukitupa, alikikereza kikombe cha Aminah, binti yao wa miaka tisa, kuchezea. Kikombe kilikuwa cha mfenesi ule ule wenye mistari ile ile, na kiling'aa kama kioo. Zulaika alikinusa. Akakiminya ukucha kwa ndani, mahali penye madoa meusi, na ukucha ukaacha alama.

Alichukua chupa ya chai iliyokuwa mezani, akaimimina humo ikiwa ya moto.

Laka ikawa nyeupe kama mtoto wa jicho, kisha ikajikunja, ikainuka utando. Harufu iliyopanda ilikuwa kali, ikamchoma macho kabla haijafika puani. Alirudi nyuma akikohoa, akaenda kusimama mlangoni mpaka kifua kilipotulia. Hapo ndipo Wahab alipoingia, anatoka kuswali alasiri, kofia yake imenyooka kichwani.

"Mama Aminah! Umefika saa ngapi? Mbona hukunipigia?" Kisha akaona. "Unafanya nini na hiyo kikombe?"

"Nainywesha chai. Njoo unuse."

Hakuja.

"Gundi uliweka lini?" Zulaika aliuliza.

"Jumatatu."

"Na laka?"

"Jumatatu."

"Siku moja?"

"Mchana gundi, jioni laka. Ilikuwa kavu, wallahi. Niligusa na mkono wangu huu."

"Uligusa juu. Chini je? Umemimina vichupa kumi na nne kwa mara moja, ndani itakauka na upepo gani wakati umeifunika na laka?"

"Chini nani anakula huko? Watu wanakula juu."

Siku nyingine Zulaika angecheka. Mume wake alikuwa na majibu ya kuchekesha, na nusu ya wateja walirudi kwa ajili ya majibu hayo. "Ulijua ni ya malewa?"

Wahab alivua kofia, akaikunja, akaikunjua. "Afande Bramwel alipiga Jumanne. Akasema wamebadilisha, wanataka kupakulia humo. Akaniuliza, 'Wahab, hiyo bakuli iko tayari?' Unamjua yule mzee. Anakuuliza kama vile uko kwenye gwaride. Nikasema, 'Ndiyo, afande.' Mdomo ulijibu wenyewe."

Na hapo alikuwa anasema kweli, maskini. Babu yake Wahab alikuwa askari, na baba yake pia, na katika nyumba aliyokulia neno hapana halikuwahi kutamkwa mbele ya mtu mwenye cheo. Bramwel, baba yake Norah, alikuwa amestaafu magereza miaka sita sasa, lakini kustaafu kulivua sare tu, sauti ilibaki kazini.

"Mpigie sasa hivi," Zulaika alisema. "Mwambie ni mbichi."

"Nimpigie nimwambie nini? Kwamba nilimdanganya? Kesho sherehe, leo mimi naharibu? Unataka kuniua jina, Mama Aminah. Miaka kumi na moja nimejenga jina."

"Kwani watu wakila gundi, jina litapona?"

"Ni chakula cha mara moja! Hakuna mtu atakufa."

"Sikusema mtu atakufa. Labda watu wataumwa matumbo, labda hakuna kitakachotokea, sijui. Ninachojua mimi, ile kitu haijakauka, ikipata moto inachoma macho, na watu wanakwenda kuitia mdomoni. Wewe unajua zaidi?"

Wahab hakujua zaidi. Alienda kuiwasha mashine, ingawa hapakuwa na gogo lolote juu yake, ikazunguka bure.

Zulaika alimpigia Norah. Simu ilikuwa imezimwa. Alituma ujumbe, ukakaa na alama moja tu. Alimpigia afande mwenyewe, naye akapokea katikati ya kelele za watu wanaopanga viti. "Mama, niko na wageni. Ongea na bwana yako, yeye tumemalizana." Akakata. Alipiga tena, ikaita mpaka ikachoka.

Jioni ile hakukalika. Alianza kuosha vyombo akaviacha kwenye povu, akakunja nguo za Aminah akazikunjua, akatoka uani akarudi bila kujua alikwenda kufanya nini. Wahab alikula, macho kwenye sahani. Alipoona mkewe anatoa gomesi, gauni lake la Idi, kabatini na kuipiga pasi, alielewa.

"Ukienda Jinja," alisema, "ujue umekwenda peke yako."

"Nimeshazoea kukaa nyuma peke yangu," Zulaika alijibu, akaendelea na pasi.

*

Basi la kwanza lilimfikisha Jinja saa nne na nusu, na kabla ya saa tano alikuwa kwenye lango la nyumba ya Afande Bramwel kule Walukuba. Hema mbili nyeupe, viti vimefungwa utepe wa dhahabu, spika zinapimwa. Wageni wa upande wa Trevor walitarajiwa saa sita. Mwanamke mnene aliyevaa shanga nyekundu alikuwa langoni na karatasi ya majina. Alimtazama Zulaika kuanzia ushungi mpaka viatu vyenye vumbi la safari.

"Wewe ndiye wa kuosha sahani? Mmechelewa. Pita nyuma."

Zulaika alifungua mdomo aseme yeye ni nani, akaufunga. Nyuma ndiko sufuria zilikokuwa. Akapita nyuma.

Kule palikuwa na wanawake kama kumi na mafiga matano. Malewa yalikuwa yakichemka ndani ya mchuzi wa karanga, harufu yake nzito imejaa ua mzima. Machipukizi ya mianzi kutoka milimani, yaliyokaushwa kwa moshi, chakula ambacho Mmasaba hawezi kumkosesha mkwe siku kama ile. Na pembeni, juu ya meza yenye kitambaa cha dhahabu, lilikuwa bakuli.

Lilikuwa zuri. Lazima isemwe, kwa sababu Zulaika mwenyewe aliisema moyoni na ikamuuma. Wahab alikuwa amelikereza kwa upendo, midomo yake myembamba, tumbo lake limejaa, mistari myeusi inazunguka kama mito kwenye ramani. Aliinama akanusa. Ilikuwa harufu ile ile ya kikombe.

"Usiguse hiyo!" mmoja wa wapishi alimkemea. "Hiyo ni ya mama."

"Najua. Mimi ndiye wa karakana iliyoitengeneza. Naomba kumwona Norah."

Alikuja yule wa shanga nyekundu, na kumbe ndiye Racheal, dada yake afande, shangazi wa bibi harusi, mwenye amri zote siku hiyo. Norah alikuwa ndani anapambwa, hatoki wala haonekani mpaka aitwe. Hivyo ndivyo ilivyo. "Sema kwangu," Racheal alisema.

Zulaika alisema. Alieleza gundi, laka na siku, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeeleza ugonjwa wa mwenziwe. Racheal alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akawageukia wapishi.

"Mnasikia? Huyu anasema bakuli ya Topista ina sumu."

"Sijasema sumu. Nimesema haijakauka."

"Bakuli linakauka? Ni nguo?" Walicheka, na mmoja akaongeza kwamba labda bei haikumtosha huyu mama, amefuata nauli. Kucheka kwao kulimshika Zulaika usoni kama mvuke wa sufuria. Alitamani ardhi impe nafasi. Lakini mpishi mwenye upawa alikuwa amekwisha kulivuta bakuli karibu na jiko, alipanguse tayari kwa kupakulia, na Zulaika akaenda akasimama katikati ya bakuli na sufuria. Hakujua atasimama hapo kwa muda gani.

"Mwiteni afande," alisema.

*

Bramwel alikuja katika suti ya kijivu, mrefu, viatu vinaweza kukuonyesha sura yako. Alimsikiliza huku akitazama saa.

"Wewe mama. Mimi nilimuuliza fundi. Fundi alisema iko tayari. Sasa wewe ni nani kwa hiyo kazi?"

"Mimi ndiye ninayepaka, afande. Miaka yote. Hii sikuipaka mimi, nilikuwa safari."

"Kwa hivyo una wivu kwa sababu imepakwa bila wewe."

Wanawake walicheka tena, lakini kidogo.

"Afande, lete maji ya moto nikuonyeshe. Ila nikimimina itaharibika mbele yako, na mti wa mama hakuna mwingine. Ndiyo maana sitaki kumimina. Ukipakua malewa humo, itaharibika vile vile, na watu watakuwa wamekula."

Hilo lilimfikia. Alilitazama bakuli, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakutazama saa. Lakini mtu aliyezoea kuamini mstari wa vyeo hawezi kumwamini mke kabla ya mume. Alitoa simu mfukoni.

"Tutamuuliza mwenyewe," akasema. Akaweka sauti ya nje ili wote wasikie.

Wahab alipokea mlio wa pili. Nyuma yake mashine ilikuwa inazunguka.

"Wahab. Mke wako yuko hapa kwangu. Anasema hiyo bakuli haifai kuliwa. Wewe unasema nini?"

Mashine ilizimwa. Zulaika aliusikia ukimya wa karakana yake mwenyewe ukitoka kwenye simu ya mtu mwingine, umbali wa maili tisini.

"Afande, shikamoo," Wahab alisema. "Afande... huyo mama ametoka kuuguza, amechoka. Ana wasiwasi. Ninyi endeleeni na sherehe. Bakuli iko sawa. Iko sawa kabisa."

Hakuna aliyecheka safari hii, na ingekuwa afadhali wangecheka. Racheal alimtazama Zulaika kwa kitu kinachofanana na huruma, jinsi mwanamke anavyomtazama mwenziwe aliyekanwa na mumewe hadharani. Mpishi alichovya upawa. Uchungu ulimpanda Zulaika, na pamoja nao hasira, na hasira ndiyo iliyompa sauti.

"Niruhusu swali moja, afande."

Bramwel alisita, kisha akamsogezea simu.

"Baba Aminah," Zulaika alisema, "mimi hapa. Hapa kuna watu kumi wanasikia, na afande anasikia. Malewa yamechemka. Nikuulize moja tu. Leo Aminah angekuwa hapa, ungempakulia humo?"

Mtu angeweza kudhani simu imekatika, ila kwa mbali gari lilipita kwenye barabara ya Mbale, likapiga honi, likaenda zake. Mchuzi ulikuwa ukitokota. Mpishi alibaki na upawa hewani, matone ya karanga yakidondoka kwenye majivu.

"Wahab," Bramwel alisema. "Umeulizwa."

"Afande."

"Jibu."

"Mtoto wangu..." Sauti ilikuwa ndogo, si ile ya majibu ya kuchekesha. "Mtoto wangu hapana, afande. Humo hapana."

Bramwel alikata simu. Aliirudisha mfukoni, akakosa mfuko mara ya kwanza, akaupata mara ya pili. Kisha akamwambia mpishi, bila kumtazama mtu yeyote, "Weka hiyo chakula kwenye sahani za kawaida."

"Lakini kaka," Racheal alinong'ona, "imeshatangazwa. Iko kwenye programu. Wakwe wanangoja chakula kitoke kwenye bakuli ya Topista."

"Nitasema mwenyewe."

*

Zulaika angeweza kuondoka hapo hapo. Lakini wale wa kuosha sahani kweli hawakuja, akaikunja mikono ya gomesi ya Idi na kuinama kwenye beseni. Kutoka hapo alisikia kila kitu kwa spika: salamu, nyimbo, mashangazi wanavyomtafuta Trevor kati ya wageni kana kwamba hawamjui, vicheko. Kisha mshereheshaji akatangaza kwa mbwembwe chakula cha heshima katika bakuli la marehemu mama, na maikrofoni ikakwaruza, ikabadili mkono.

"Wakwe zangu," ilikuwa sauti ya Bramwel. "Bakuli mtaliona, lakini hamtakula humo. Halijakauka."

Mnong'ono ulipita hemani. Mtu mmoja upande wa wageni, mwenye sauti ya kilabuni, aliuliza ni bakuli gani hilo linaloanikwa, na watu wakaangua kicheko. Bramwel aliwangoja wamalize. Zulaika alisimama, povu linamtiririka viwikoni, akaogopa kwamba sasa ndipo litatajwa jina la karakana.

"Fundi aliambiwa Desemba," Bramwel alisema. "Mimi nikampigia nikasema ni wiki hii. Nimekaa kazini miaka thelathini na mbili, nikisema kitu kinakuwa. Nikadhani na mti utatii. Mnisamehe. Leteni chakula."

Hakupigiwa makofi. Watu walikula malewa kwenye sahani za kaure za kukodi, wakasifu chumvi yake.

Baadaye alikuja nyuma, tai imelegea, bakuli limefungwa ndani ya taulo. Alimkuta Zulaika anajipangusa mikono. Alikaa kwenye kiti cha plastiki cha wapishi, na kukaa kwake pale kuliwafanya wapishi wote wasimame.

"Linaweza kupona?"

"Laka yote itoke kwanza, kwa msasa mkavu, polepole. Hatuwezi kuiyeyusha, itaichokoza gundi. Halafu lipumzike wazi, gundi imalize kukauka. Ndipo mafuta, tabaka jembamba jembamba, siku nyingi. Siku arobaini, afande. Labda hamsini."

"Trevor anaondoka baada ya siku kumi."

"Atalikuta akirudi."

"Na malewa?"

"Malewa hapana. Hata likikauka. Njugu, machungwa, mkate."

Alisugua magoti yake kwa viganja. Usoni alionekana mzee ghafla, mtu aliyefiwa na mke na sasa anamwoza binti, na kati ya mambo hayo mawili hana wa kumpa amri. "Nilitaka wale kutoka kwa mikono yake," alisema. "Basi tu. Hilo ndilo nilitaka."

Zulaika alilipokea bakuli kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. Bramwel alimwita Racheal ampe nauli, na Racheal, aliyempokea kama mwosha sahani, alimletea nauli pamoja na malewa ya moto kwenye kopo lenye kifuniko, akasema, "Ya mtoto," kisha akaondoka haraka.

*

Alifika Mbale jua linazama. Aminah alikuwa kwa jirani anacheza. Wahab alikuwa karakanani, ameketi kwenye kigoda chake mbele ya mashine iliyozimwa, na kwa jinsi vumbi lilivyotulia juu ya kila kitu ilionekana haikuwashwa tena tangu asubuhi. Kikombe kile kilichobabuka hakikuwepo mezani. Aliona taulo mikononi mwa mkewe, akajua ni nini, akatazama pembeni.

"Walisikia wangapi?"

"Wanawake kumi. Na shangazi mtu. Na afande."

"Ukawaambia ni mimi niliyeipaka."

"Jina lako halikutoka mdomoni mwangu hata mara moja. Afande ndiye aliyekupigia."

"Na kule mbele? Kwa wageni?"

"Amejitwika mwenyewe. Amesema yeye ndiye aliyeharakisha."

Wahab alifunika uso kwa viganja, na Zulaika akaona mabega yake yanatikisika. Alimwonea huruma, na bado alikuwa amemkasirikia, na vyote viwili vilikaa kifuani mwake bila kugombana. Alilifungua taulo, akaliweka bakuli juu ya benchi.

"Nilikuwa nimeshamaliza," Wahab alisema kutoka nyuma ya viganja. "Nilikuwa nimeshasema iko sawa. Ilikuwa imekwisha. Ungeuliza kitu kingine, Zulaika. Siku ngapi, gundi gani. Mbele ya watu wote wale, ungeniuliza kitu kingine."

"Kingine ungenidanganya."

Nje, Aminah aliita kwamba ana njaa, na Zulaika akatoka na lile kopo la malewa, akampakulia kwenye sahani ya bati. Aliporudi kuchukua mkoba wake, kigoda kilikuwa kitupu. Wahab alikuwa ameketi chini kule nyuma, penye upepo, barakoa ya mkewe imemfunga mdomo, bakuli la Topista mapajani, na alikuwa ameanza na msasa, kutoka ndani.